Somo la Wafanyakazi: Jinsi Chuma cha Reli Kilivyotiwa Nguvu, na Linatuhusu Nini



Katika mikutano ya matawi tumeulizwa mara nyingi: reli ikikatika na treni ikaanguka, kosa ni la nani? Jibu hutolewa upesi, hata kabla vipande havijaokotwa. Husemwa dereva alikuwa anakimbia, au genge la reli lilikuwa limelala. Ni mara chache mtu husimama akauliza habari za chuma chenyewe: kilitengenezwa wapi, kilipoozwa namna gani, kina umri gani, na nani alikikagua mara ya mwisho.

Kwa sababu hiyo tumeona tutoe somo juu ya chuma cha reli. Wengine watasema, "Sisi ni watu wa miwa na chai, reli ya nini kwetu?" Inatuhusu. Sukari, kahawa, pamba, saruji na mbolea vimesafiri juu ya reli tangu njia ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931. Katika mashamba mengi ya miwa na mkonge ya Afrika Mashariki zilitandikwa reli ndogo za troli za kupeleka mavuno kiwandani. Tena, chuma cha reli ni ndugu wa chuma cha ekseli ya trekta, cha ndoano ya winchi na cha shafti ya mashine ya kukamulia miwa. Anayekielewa kimoja ataelewa na vingine.

Tunashauri somo lisomwe kwa sauti katika kikundi, sehemu moja kwa kikao kimoja. Ajuaye kusoma amsomee mwenzake, na mzee aliyefanya kazi njiani aulizwe aliyoyaona.

1. REL I HUBEBA NINI?

Tuanze na mzigo. Behewa likiwa na uzito wa tani 20 kwa kila ekseli, kila gurudumu linakandamiza reli kwa tani 10. Tani hizo 10 hazitandazwi juu ya reli nzima. Mahali gurudumu na reli vinapogusana ni padogo kama ukucha wa kidole gumba. Na gurudumu moja likipita, jingine linakuja nyuma yake, mchana na usiku, mwaka hata mwaka.

Katika hali hiyo reli hupatwa na mambo manne. Kwanza, hulika, hasa kwenye kona, ambako ukingo wa gurudumu husugua upande wa reli. Pili, hubonyea, yaani kichwa chake hutandazika kama risasi iliyogongwa. Tatu, huchoka. Nne, hukatika ghafla.

Neno kuchoka tulifahamu vizuri. Chukua waya wa seng'enge uukunje mara moja: haukatiki. Uukunje na kuunyoosha mara ishirini, utakatika, ingawa mkono wako haukuongeza nguvu hata kidogo. Ndani ya waya ufa mdogo ulianza, ukakua kila ulipokunja. Chuma cha reli huchoka vivyo hivyo. Kinaweza kubeba mzigo huo huo mara milioni, halafu kikashindwa siku moja na mzigo ule ule wa jana.

Basi fundi anayetengeneza reli anatafuta sifa mbili kwa pamoja: iwe ngumu isilike, na iwe stahimilivu isikatike. Sifa hizi mbili hazipendani. Chungu ni kigumu kuliko udongo mbichi, lakini kikianguka huvunjika. Udongo mbichi ukianguka hubonyea tu. Historia nzima ya chuma cha reli ni juhudi ya kuzikalisha sifa hizi nyumba moja.

2. DERBY, MWAKA 1857

Reli za mwanzo huko Uingereza zilikuwa za chuma cha kalibu, ambacho ni kigumu lakini hukatika kama kigae. Zikafuata reli za chuma cha kufuliwa. Hiki hakikatiki upesi, ila ni laini, hulika na kubanduka tabaka tabaka. Katika stesheni ya kampuni ya Midland mjini Derby palikuwa na mahali treni zilipita kwa wingi hata reli za namna hiyo zikabidi kubadilishwa kila miezi 6, pengine kila miezi 3. Mliowahi kubeba reli mabegani mnajua maana ya kazi hiyo.

Mwaka 1856 Henry Bessemer alitangaza njia ya kutengeneza feleji kwa wingi, kwa kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka. Feleji ni chuma chenye kaboni kidogo. Ile ya reli ina kaboni isiyofika kilo 1 katika kila kilo 100. Hewa ya Bessemer iliunguza kaboni iliyozidi, na kwa dakika chache tu tani nyingi zikawa feleji. Lakini wengi walioinunua njia hiyo walipata chuma kibovu. Kikipitishwa kwenye rola kikiwa moto kilipasuka. Sababu ni kwamba hewa iliacha oksijeni ndani yake, na salfa nayo ilikuwa haijatoka.

Aliyepata dawa ni Robert Mushet, fundi wa vyuma wa Forest of Dean. Alitia ndani ya feleji iliyoyeyuka chuma chenye manganizi na kaboni, ambacho Wajerumani wanakiita chuma cha kioo kwa jinsi kinavyong'aa. Manganizi huikamata oksijeni na salfa na kuiondolea feleji ubaya wake, kisha manganizi inayobaki huongeza nguvu. Mwanzoni mwa mwaka 1857 reli ya feleji ya Mushet ililazwa pale pale Derby, mahali ambapo reli za chuma zilikuwa hazimalizi mwaka. Baada ya miaka 6, huku treni takriban 700 zikipita kila siku, ilikuwa bado nzima. Iliondolewa mwaka 1873. Ilikuwa imekaa miaka 16.

Hapo ndipo reli ya feleji ilipoanza safari yake duniani. Lakini tuulize swali la chama: faida ilikwenda kwa nani? Waliokuwa wameshika hati ya uvumbuzi wa Mushet hawakulipa ada ya serikali mwaka 1859, hati ikafa, na kila mwenye tanuri akaitumia dawa yake bila kumlipa. Bessemer alitajirika, Mushet akabaki na madeni na maradhi. Mwaka 1866 binti yake Mary, mwenye umri wa miaka 16, alisafiri peke yake hadi London, akamkabili Bessemer ofisini mwake na kumweleza kwamba mali yake imesimama juu ya kazi ya baba yake. Bessemer akakubali kumpa Mushet pauni 300 kila mwaka maisha yake yote.

Tunamsifu binti yule kwa ujasiri wake. Hata hivyo tuone tofauti: pauni zile zilikuwa hisani ya tajiri, na hisani hutolewa kwa kadiri mtoaji apendavyo. Mtu aliyeshika mkataba uliotiwa sahihi haendi kuomba.

3. MANGANIZI NA WATU WAKE

Reli ya kawaida ina manganizi kiasi cha kilo 1 katika kilo 100. Mafundi wa zamani walijua kwamba ukiizidisha kidogo feleji huwa kavu na kuvunjika, wakaishia hapo. Mwaka 1882 kijana Robert Hadfield wa Sheffield hakuishia hapo. Aliendelea kuongeza hadi kilo 12 au 13 katika 100, akaipasha moto sana feleji hiyo na kuitosa majini. Akaona ajabu mbili. Haikuvunjika, bali ilikuwa stahimilivu kupita kiasi. Na kila ilipogongwa, uso wake ulizidi kuwa mgumu.

Feleji ya Hadfield ndiyo mpaka leo hutumika mahali reli mbili zinapokatana, kwa kuwa hapo gurudumu huruka pengo na kuipiga reli kama nyundo. Walio katika machimbo ya mawe wanaijua pia: ndiyo ya meno ya mashine ya kuponda kokoto. Haikuenea njia nzima kwa sababu ni ghali, ni ngumu kuunganishwa kwa moto na reli ya kawaida, na vyombo vya kupima nyufa kwa mawimbi ya sauti havioni vizuri ndani yake.

Tusisahau wanaochimba na kusaga madini hayo. Mwaka 1837, yaani miaka 20 kabla ya reli ya Derby, daktari John Couper wa Glasgow alieleza ugonjwa wa wafanyakazi waliosaga manganizi katika kiwanda cha madawa. Miguu ilikosa nguvu, walipepesuka wakitembea, sauti ilififia ikawa mnong'ono, uso ukawa hauonyeshi furaha wala huzuni. Ilikuwa ni sumu ya vumbi lililoingia mwilini na kuharibu ubongo. Kwa hiyo ubaya wa vumbi hili umeandikwa kwa karibu miaka 200. Mwajiri wa leo hawezi kusema hakuambiwa.

Na hapa jirani kuna mfano mwingine. Huko Kisenge, kusini ya Kongo, kuna machimbo ya manganizi. Madini yake yalikuwa yakisafiri kwa reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito. Vita ya Angola ilipoifunga njia hiyo mwaka 1975, mawe ya Kisenge yalikosa pa kupita na kazi ikadorora. Madini ya kutengenezea reli yalikaa chini kwa kukosa reli. Wafanyakazi wa nchi moja hawawezi kusema habari za nchi ya jirani haziwahusu.

4. UFA USIOONEKANA

Tarehe 25 Agosti 1911, karibu na mji mdogo wa Manchester katika jimbo la New York, Marekani, reli ilikatika vipande vingi chini ya treni ya abiria, na mabehewa yakaanguka darajani. Watu zaidi ya 25 walikufa. Wengi wa abiria walikuwa wazee, askari wa zamani waliokuwa wakirudi kutoka kwenye mkutano wao.

Mchunguzi aliyeitwa James E. Howard alivichukua vipande vya reli ile na kuvitazama vizuri. Aliona kwamba ufa haukuanzia juu. Ulianzia ndani ya kichwa cha reli, mahali padogo kama punje, ukakua pole pole kwa mviringo, siku baada ya siku, mpaka chuma kilichobaki kizima kikawa hakitoshi kubeba treni. Kwa nje reli ilikuwa laini na inang'aa. Hakuna dereva ambaye angeuona ufa huo, wala mkaguzi anayetembea njiani na nyundo yake.

Hapo ukazuka mvutano wa takriban miaka 20. Kampuni za reli zilisema viwanda vinauza chuma kibovu. Viwanda vikasema kampuni za reli zimezidisha uzito wa treni. Kila upande ulikuwa na wataalamu wake, na wakati wakubwa wanabishana, reli ziliendelea kukatika.

Jibu lilipatikana katika miaka ya 1930. Mkosaji alikuwa haidrojeni. Unyevu ukiingia katika feleji iliyoyeyuka, haidrojeni yake hufichama humo. Reli ikipoa upesi, gesi haipati nafasi ya kutoka, na chuma hupasuka kwa ndani, nyufa ndogo ndogo kama nywele. Gurudumu ndilo linalozikuza baadaye. Dawa iligunduliwa na kuenea Kanada na Marekani: reli zilizotoka kwenye rola zikiwa bado za moto ziliwekwa ndani ya masanduku makubwa yenye vifuniko na kuachwa zipoe pole pole kwa saa nyingi, ili gesi itoke. Baadaye viwanda vilijifunza kuinyonya gesi kabla feleji haijamiminwa. Mwaka 1928 lilianza kufanya kazi gari la Elmer Sperry, lililopita juu ya reli likitafuta kwa umeme nyufa zilizofichika ndani.

Welda wa kiwandani wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Vijiti vya kuchomelea vikiwa na unyevu, kiungo huonekana kizuri jioni, na asubuhi kimepasuka pembeni. Ni haidrojeni ile ile. Ndiyo maana tunadai oveni ya kukaushia vijiti. Si anasa ya fundi.

5. UGUMU HUTOKA WAPI?

Ukikata kipande cha reli, ukakisugua mpaka king'ae kama kioo, ukakitia asidi kidogo na kukitazama kwa hadubini, utaona mistari myembamba iliyolala sambamba. Ni tabaka za chuma laini na tabaka za mchanganyiko mgumu wa chuma na kaboni, moja juu ya nyingine. Wataalamu huuita muundo huo perlaiti.

Fikirini mkeka. Ukili mpana uliosukwa kwa kulegea hutoa mkeka dhaifu. Ukili mwembamba uliobanwa sawasawa hutoa mkeka wa kudumu. Perlaiti ni hivyo hivyo: tabaka zikiwa nyembamba na za karibu karibu, reli ni ngumu zaidi. Na tabaka huwa nyembamba feleji ikipozwa upesi zaidi. Lakini kuna mpaka. Ukiipoza upesi mno, tabaka hazipati nafasi ya kujipanga, na chuma kinakuwa kigumu kama kioo na huvunjika kama kioo. Hali hiyo huitwa matensaiti. Katika reli ni adui.

Kwa hiyo njia za kuipa reli nguvu ni mbili.

Njia ya kwanza ni ya aloi, yaani kuchanganya feleji na madini mengine. Kromi kiasi cha kilo 1 katika 100, au vanadi kidogo sana, huifanya feleji ijipange katika tabaka nyembamba hata ikipoa yenyewe hewani. Kasoro yake ni bei, na uchomeleaji. Aloi hizi hugeuka matensaiti kwa urahisi pembeni ya kiungo cha moto. Kwa hiyo ni lazima reli ipashwe moto kwanza, ichomelewe, kisha ipozwe bila haraka. Msimamizi akimharakisha fundi ili treni ipite, kiungo kinaharibika, na jina litakaloandikwa katika ripoti ni la fundi.

Njia ya pili ni ya kupoza. Kichwa cha reli hupulizwa hewa au kunyunyiziwa maji kwa kipimo, chuma kikiwa bado cha moto. Kichwa kinakuwa kigumu, kitako kinabaki stahimilivu. Siku hizi viwanda vingi huchanganya njia zote mbili: aloi kidogo na upozaji wa kipimo.

Ugumu hupimwaje? Mhandisi wa Sweden, Johan August Brinell, alionyesha njia yake mwaka 1900. Gololi ngumu ya milimita 10 hukandamizwa juu ya chuma kwa uzito wa kilo 3,000, kisha shimo linalobaki hupimwa upana. Shimo dogo, chuma kigumu, na namba inakuwa kubwa. Reli ya kawaida ya Ulaya ina namba 260 hadi 300. Reli iliyotiwa ugumu kichwani ina 350 hadi 390. Kwa kuvutwa, fimbo ya milimita moja ya mraba ya reli ya kawaida hubeba kiasi cha kilo 90 kabla ya kukatika. Ile iliyotiwa ugumu hubeba kiasi cha kilo 120.

Mizigo nayo imekua. Reli za kwanza za njia ya Mombasa zilikuwa na uzito wa ratili 50 kwa yadi, kama kilo 25 kwa mita. Reli kubwa za siku hizi hufika kilo 60 au zaidi kwa mita. Katika njia za kubebea mawe ya chuma huko Australia ya Magharibi, ekseli moja hubeba zaidi ya tani 35. Kwa njia za namna hiyo Wajapani katika miaka ya 1990 walitengeneza reli zenye kaboni nyingi zaidi, kupita kilo 0.9 katika 100, kiasi ambacho zamani kilihesabiwa kuwa cha hatari kwa reli.

6. RELI NGUMU NAYO HUCHOKA

Sasa ndugu, tufike penye shabaha ya somo. Mwajiri akishanunua reli ngumu huja na hesabu. Husema, "Reli hizi hudumu mara mbili, kwa hiyo watu wa njia tuwapunguze." Hesabu hiyo ina kasoro, na kasoro yake imo ndani ya chuma.

Kwenye reli laini, nyufa ndogo za juu zinazoletwa na magurudumu huliwa pamoja na uso wa reli kabla hazijaenda chini. Reli inachakaa, lakini inajisafisha. Kwenye reli ngumu uso hauliki upesi. Nyufa huchelewa kuanza, lakini zikianza hakuna cha kuzifuta, na zinateremka ndani. Kwa hiyo reli ngumu inadai kusagwa uso wake kwa mashine mara kwa mara, kupimwa kwa mawimbi ya sauti, na kutazamwa na watu wanaojua wanachokitazama. Feleji bora hupunguza kazi ya kubeba reli. Kazi ya ukaguzi inabaki pale pale, na ujuzi wake unazidi.

Tarehe 17 Oktoba 2000, treni iliyotoka London kwenda Leeds iliacha njia karibu na Hatfield, ikiwa katika mwendo wa kilomita 185 kwa saa. Watu 4 walikufa na zaidi ya 70 waliumia. Reli moja ya kwenye kona ilikuwa imevunjika vipande zaidi ya 300. Sababu ilikuwa ni nyufa za kuchoka kwenye pembe ya kichwa cha reli. Na jambo la kusikitisha ni hili: nyufa hizo zilikuwa zimeonekana kabla, na reli mpya ilikuwa imekwisha kuletwa na kulazwa kando ya njia ikingoja kutandikwa.

Kwa nini haikutandikwa? Katika miaka ya 1990 shirika la reli la taifa lilikuwa limevunjwa na kuuzwa. Njia ilikuwa mali ya kampuni moja, Railtrack. Matengenezo ya sehemu ile alipewa mkandarasi, Balfour Beatty. Treni zilikuwa za kampuni nyingine. Aliyeuona ufa, aliyekuwa na pesa, na aliyekuwa na amri ya kusimamisha treni hawakuwa chini ya dari moja. Baada ya ajali, treni zilipunguzwa mwendo mahali zaidi ya 1,000 nchini kote. Mwaka 2005 mahakama ilizitoza faini kampuni zote mbili kwa kuvunja sheria ya usalama. Mameneja walioshtakiwa kwa vifo waliachiliwa. Mwaka 2003 Network Rail, iliyokuwa imechukua mahali pa Railtrack, iliamua kuwarudisha wafanyakazi wa matengenezo mikononi mwake yenyewe badala ya makandarasi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale Hatfield ufa ulijulikana, na udongo wa kuuziba ulikuwa umeletwa mlangoni.

7. MAMBO YA KUSHIKA KAZINI

Kwanza, soma reli yako. Kwenye kiuno cha reli, kati ya kichwa na kitako, kiwanda huandika jina lake, mwaka, na alama ya uzito na aina. Tawi liwe na daftari la maandishi hayo. Reli ya mtumba iliyotiwa rangi mpya itajulikana kwa mwaka wake.

Pili, kipande kilichovunjika ni shahidi. Kisitupwe kwenye vyuma chakavu wala kisipakwe mafuta. Kipigwe picha siku ile ile. Sehemu iliyokuwa na ufa wa zamani huwa laini na nyeusi au yenye kutu, mara nyingine ina duara kama za maji yaliyotupiwa jiwe. Sehemu iliyokatika siku ya ajali hung'aa na ina chembe chembe. Hii ni kweli kwa reli, kwa shafti, kwa mnyororo na kwa ndoano.

Katika shamba moja la miwa, ambalo hatulitaji, troli ziliacha njia mara 3 kwa mwezi mmoja, na msimamizi akakata mishahara ya madereva kwa kosa la mwendo. Kamati ya tawi iliomba jambo moja tu: vipande viletwe mezani. Kimoja kilikuwa na kutu nyeusi kupita nusu ya mkato wake. Tukauliza, kutu hiyo ilishikaje kwa siku moja? Meneja alikigeuza geuza mkononi, kisha akauliza njia hiyo ilikaguliwa lini. Hakuna daftari lililoonyesha. Pesa za madereva zilirudishwa mwisho wa mwezi, na mtu mmoja akawekwa kutembea njia kila asubuhi kabla ya troli ya kwanza.

Tatu, usichomelee wala kukata reli kwa moto bila maagizo ya aina ile ya chuma. Hata cheche ya mahali pasipotakiwa huacha doa la matensaiti, na ufa huanzia hapo. Fundi adai maagizo kwa maandishi, pamoja na muda wa kupasha na kupoza.

Nne, mwajiri akileta chuma kipya au mashine mpya na kutaka kupunguza watu, kamati idai kwanza kuonyeshwa mpango wa ukaguzi: kilomita ngapi kwa genge moja, mara ngapi kwa mwezi, nani atapima kwa mawimbi ya sauti, na nani ana amri ya kusimamisha treni ufa ukionekana. Jina la mtu huyo liandikwe.

Tano, vumbi na moshi. Wanaosaga reli, wanaochomelea na wanaofanya kazi ya matanuri wapewe njia ya kuvuta moshi, barakoa za kweli na uchunguzi wa afya. Feleji haipati nguvu kwa kunyonya nguvu za mtu.

8. MASWALI YA KIKUNDI

1. Reli ya Derby ilidumu miaka 16 mahali ambapo nyingine zilidumu miezi 6. Kazi ya kubadilisha reli ilipopungua, nani alistahili kugawana faida hiyo? Katika kiwanda chenu, mashine mpya ilipoletwa, faida iligawanywa vipi?

2. Kwa nini reli ngumu inahitaji ukaguzi wa makini kuliko reli laini? Mmoja ajibu kwa maneno yake bila kutazama karatasi.

3. Baada ya ajali ya mwaka 1911, viwanda na kampuni za reli zilivutana karibu miaka 20. Wafanyakazi wangefanya nini katika miaka hiyo ili sauti yao isikike?

4. Mahali penu pa kazi, mtu akiona ufa saa hii, anamwambia nani? Huyo anaweza kusimamisha mashine bila kuuliza? Kama hawezi, ni nani anayeweza, na anakaa umbali gani?

Swali la nne lijibiwe kwa maandishi na katibu wa tawi, na jibu lisomwe mbele ya wanachama wote katika mkutano unaofuata. Kila mwanachama aliye na kipande cha chuma kilichovunjika kazini akilete siku hiyo, tukitazame pamoja.